Fahali wa Bwana kwa Zamu

Jumatatu, 5 Juni 1995

Ng'ombe wa Syombua ametupa mimba. Jirani yangu huyo amefika dukani kabla sijatoa cherehani barazani, kanga imefungwa ovyo, akasimama mlangoni akasema, "Ndululu, ameenda." Nikadhani ni mama yake. Nikavua kofia. Kumbe ni ndama!

Pole nikampa hata hivyo. Kofia nikairudisha polepole asione.

Na si wa kwanza. Tangu Pasaka ni boma moja baada ya jingine. Kwa mzee Ndeti, kwa Pasta mwenyewe, sasa kwa Syombua. Ng'ombe analala mzima, asubuhi unakuta ndama chini, hata manyoya hajaota. Wengine hawashiki mimba kabisa. Na wote ni watu wa kanisa letu! Pasta Mutie anasema tuombe. Tunaomba, magoti yamekuwa meusi kama sufuria.

Nimefunga duka mapema nikaenda moja kwa moja kwa Susana. Tumbo liko. Nimeweka mkono ubavuni, ndama akanipiga teke. Asante! Susana ndiye ng'ombe wa pekee niliye naye. Wengine walimalizwa na kiangazi. Aliletwa Desemba na wakwe zangu wa Migwani, mahari ya Mutindi wetu, akiwa tayari na mimba changa.

Tangu kiangazi kile, nyumba hii haijanusa chai ya maziwa yake yenyewe. Sturungi asubuhi, sturungi jioni. Fundi wa nguo wa Matiliku, mzee wa kanisa, anakunywa kitu cheusi kama maji ya betri! Na Susana ni wa kienyeji: ndama asiposimama pale amlambe, haachii hata tone. Hakuna ndama, hakuna maziwa. Kwa hivyo ndama huyu lazima aje akiwa hai. Sijaomba kingine mwaka huu.

Jumatano, 7 Juni

Leo nimeshona upya mkanda wa Shukrani. Ule wa kwanza umechakaa. Kitambaa cha kaki, herufi nyekundu: MALI YA BWANA. Anavaa shingoni. Umekaa vizuri kuliko suti ya chifu.

Shukrani ni fahali niliyemtoa sadaka kanisani Jumapili ya mavuno. Mama yake nilimnunua kwa shamba la mzungu mmoja huko njia ya Mombasa, kiangazi kikamuua mama huyo Shukrani akiwa bado ananyonya. Mbula, mke wangu, akamlea kwa chupa. Jikoni! Alilala kando ya mafiga kama mtoto wa nyumba. Mbula akienda mtoni anafuatwa. Akienda kanisani anafuatwa, anangojwa nje mpaka wimbo wa mwisho. Hakukua sana, ni mfupi, lakini ana kijinyota cheupe usoni na hasira hana kabisa.

Wazo la zamu lilikuwa langu. Nilisimama mbele ya kamati nikasema: fahali wa Bwana asilishwe na mtu mmoja, alishwe na wote. Kila boma likae naye mwezi mmoja, limpe majani, na yeye awapande ng'ombe wao bila malipo. Jumapili ya mwisho wa mwezi anakabidhiwa boma lingine kwa wimbo. Kamati ilipiga makofi. Januari alikuwa hapa kwangu, sasa yuko kwa Pasta kwa mara ya pili. Hakuna kanisa lingine Makueni lenye utaratibu kama huu.

Aliyekataa ni mmoja tu: Musembi, kaka yake Mbula, mtu wa pombe. Alisema ati Bwana ana majani dunia nzima, ya nini kuja kula yake? Tukamwombea.

Alhamisi, 8 Juni

Ng'ombe wa pili wa Musembi amezaa. Ndama jike, mkubwa, anaruka! Sijui nicheke au nilie.

Jioni amekuja na chupa ya maziwa imezibwa kwa gunzi. "Shemeji, onja ya wenye dhambi." Nimekataa kwa msimamo. Mbula akapokea. Nikanywa kikombe kimoja ili kutomvunja moyo Mbula. Halafu cha pili. Maziwa yenyewe hayajalewa.

Jumapili, 11 Juni

Mahubiri marefu. Pasta amesema habari za Akani, yule aliyeficha vitu hemani mwake taifa lote likapigwa. Ati kati yetu kuna Akani! Kimya. Kila mtu akamtazama jirani yake. Mimi nikatazamwa na wawili. Kwani ni yale masalio ya kitambaa cha kwaya niliyoshonea mto? Kila fundi hufanya hivyo!

Kwenye kimya hicho hicho, nani anapita barabarani? Musembi, anapiga mluzi, ng'ombe wake mbele, ndama nyuma wanarukaruka. Vichwa vyote vikageukia dirishani. Pasta akapoteza mstari aliokuwa anasoma, ikabidi waimbaji wamwokoe.

Mwisho, tangazo. Kanisa changa la Kyuso, ambalo ni sisi tulilianzisha, watakuja tarehe kumi na sita mwezi ujao kuchukua zawadi yao. Kamati imeamua zawadi ni Shukrani. Huko Kyuso naye azunguke kwa zamu, boma kwa boma, awafanyie yale aliyotufanyia sisi. Amina zikapigwa. Yangu ilikuwa kubwa kuliko zote.

Mbula hakusema amina. Kyuso ni mbali, amesema, nani atamkuna nyuma ya masikio.

Jumatano, 14 Juni

Daktari wa mifugo amekuja kutoka mjini Wote. Nilikuwa nangoja mzee wa koti jeupe. Amekuja msichana wa Nyeri, Daktari Kagure, juu ya pikipiki, suruali na gambuti! Pasta alimkaribisha huku anatazama mawingu. Syombua akanong'ona ati huyu ana mume kweli? Lakini alipomshika ng'ombe wa Ndeti pua na kumtoa damu shingoni kabla ng'ombe hajajua ameguswa, Syombua alinyamaza.

Ametoa damu boma zote, Shukrani pia, Susana pia. Halafu akaketi dukani kwangu, akaanza maswali. Ng'ombe wenu wanakutana josho? Josho limekauka tangu mwaka jana. Malishoni? Kila mtu kwake. Kuna ng'ombe mgeni aliyeingia boma hizi? Nikamwambia hakuna, sisi hatupokei ng'ombe wa watu ovyo, tuna akili. Ni Shukrani tu.

"Shukrani ni nani?"

"Fahali wa Bwana."

"Bwana gani?"

"Bwana Yesu, Daktari!"

Akaweka kalamu chini. Akaniambia nimweleze Shukrani alianzia wapi. Nikaeleza kwa fahari, maana ni kazi yangu: Oktoba kwa Ndeti, yule ambaye ng'ombe wake... ndiyo, alitupa baadaye. Novemba kwa mwalimu wa kwaya, ambaye mtamba wake... ndiyo, mpaka leo hajashika mimba. Mwezi mmoja baada ya mwingine. Nilianza kwa sauti ya mnada nikamaliza kwa sauti ya mgonjwa. Akauliza kama kuna boma hapa ambalo Shukrani hajawahi kukanyaga. Nikamwambia liko moja.

"Na huko hali ikoje?"

Nikajifanya natafuta mkasi.

Jumamosi, 17 Juni

Sijalala vizuri. Nimemkaripia mteja kwa sababu ya kola. Kola ilikuwa sawa.

Haiwezekani. Shukrani hana hata kikohozi! Anakula, anacheua, anamlamba Pasta mkono. Mgonjwa gani huyo? Huyu msichana alipasi mtihani kweli?

Ijumaa, 23 Juni

Amepasi.

Amekuja nyumbani, akakataa kiti, akaketi kwenye kigoda na Mbula. Damu ya Shukrani imejaa virusi. Ugonjwa wa ng'ombe, akasema, binadamu haumpati. Nikasema basi tumpe dawa. Hakuna dawa. Nikasema basi tungoje apone. Hapo akatueleza, na Mbula akaacha kuchambua ndengu.

Ati Shukrani aliupata tumboni mwa mama yake, mwili wake ukiwa bado haujui kilicho chake na kilicho cha mgeni. Ukahesabu virusi ni mwenyeji. Haupigani navyo wala hautapigana. Anavitoa puani, mateni, kila siku, maisha yake yote, na mwenyewe haumwi. Ng'ombe mwingine akivipata anaugua siku chache anapona, na havimrudii tena. Lakini akiwa na mimba, balaa inaenda kwa ndama.

"Mzee, huyu hangehitaji kufanya kitu. Kukaa tu zizini na wenzake kunatosha. Na nyinyi mkamtembeza."

Sisi tukamtembeza. Na mkanda! Na wimbo!

Mbula akamuuliza, "Wewe mwanangu, umewahi kuzaa?" Daktari akasema bado, Mama. Mbula akarudi kwenye ndengu zake kana kwamba hilo limemaliza maneno.

Daktari atampima Shukrani tena baada ya wiki tatu. Kuna ng'ombe ambao virusi vinapita tu vikaondoka, lazima awe na hakika. Mpaka hapo Shukrani asikaribie ng'ombe yeyote. Akasimama kwenda. Akamwona Susana. Akauliza aliletwa lini, mimba ilikuwa ya muda gani, Shukrani alikuwa hapa mwezi upi. Nikamjibu. Akafunga begi lake.

"Sema tu, Daktari."

Damu ya Susana inaonyesha ugonjwa ulishampitia akapona. Ndama wa umri ule tumboni, asipotupwa, huenda akazaliwa mzima, mzuri wa kutazama, lakini akawa kama Shukrani. Au asiwe. Njia ya kujua ni damu ya ndama kabla hajanyonya hata tone. Akishanyonya, maziwa ya kwanza ya mama yanaficha ugonjwa, itabidi tungoje miezi, na miezi yote hiyo anaambukiza. "Akizaliwa mtenge mara moja. Uniite. Nitakuja mbio, asikae njaa. Usimnyonyeshe kabla sijafika."

"Na ukikuta anavyo?"

Aliwasha pikipiki. Nimekunywa sturungi yangu hapa nje peke yangu, na hasira nimejaa, sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 25 Juni

Kamati ya wazee baada ya ibada. Kelele! Ndeti anauliza kitu kilichowekwa wakfu kitaletaje msiba. Mwalimu wa kwaya anasema huyo msichana ametumwa na kanisa lingine. Pasta ameshika kichwa. Shida yake naijua: kama ni kweli, basi waliomlisha fahali wa Bwana wamepigwa, na aliyemfukuza amebarikiwa. Hiyo unaihubirije?

Na Musembi leo amekuja kanisani! Mara ya kwanza tangu harusi yangu. Ameoga. Ameketi benchi la mbele kabisa, mikono kifuani, kama mtu aliyealikwa kusoma risala. Pasta alipowaita wanaotaka kuokoka, akasimama. Mbula akalia. Mimi nilikohoa tu. Ati anasema ameona mkono wa Mungu ulivyomlinda. Jeuri ya mtu huyo! Hata wokovu wake ni wa kunikera.

Jumatano, 28 Juni

Shukrani akae wapi? Daktari ametuma neno: mahali pasipo na ng'ombe. Pasta ana ng'ombe. Kila mtu ana ng'ombe. Musembi, mtakatifu wa siku tatu, akasema kwa upole, "Si Shemeji ana stoo nyuma ya duka?"

Sasa Shukrani anaishi sokoni. Napiga cherehani huku napumuliwa shingoni kupitia dirishani. Wateja wanakuja kumwona yeye, si kushona. Mbula anamletea majani asubuhi, anakaa huko stoo anamsimulia mambo. Nimemsikia akimwambia asijali, madaktari hukosea.

Jumanne, 4 Julai

Ametafuna sare ya kwaya. Mkono wote wa soprano wa kwanza! Gaberdini mpya! Nimemwambia Mama wa kwaya kwamba ni panya. Akauliza panya wa ukubwa gani. Nikasema wa kutosha.

Halafu nimeenda stoo nikamtukana Shukrani kwa Kikamba chote nilicho nacho. Akaweka kidevu begani mwangu. Aiya! Utamfanyaje mnyama kama huyu? Nimemkuna nyuma ya masikio mpaka mkono ukauma. Nampenda, basi. Nimeandika.

Alhamisi, 13 Julai

Damu ya pili ni ile ile. Hakuna tena "labda".

Kamati imeitwa jioni. Pasta, kwa sauti ya chini: Jumapili watu wa Kyuso wanafika, wameshaambiwa, wameshajenga boma. Wameimba wimbo wake kwenye mazoezi! Tutawaambia nini? Ndeti akatoa hoja: tuwape. Kyuso ni mbali. Pengine hewa ya huko itamponya. Nikaona vichwa vinaanza kukubali. Kimoja, kingine.

Nikasimama. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Niliwaambia watu wa Kyuso wana ng'ombe wachache kuliko sisi na kiangazi kingi kuliko sisi. Wana kosa gani? Mtu akijua kuna ugonjwa akanyamaza, huyo ndiye Akani, si mwingine! Kujua na kunyamaza ni sawa na kumwaga sumu kwenye kisima cha mtu. Nilipiga meza. Chai ya Pasta ikamwagika. Ilikuwa ya maziwa, nimeona, sijui anayatoa wapi.

Tumekubaliana: Shukrani asiende. Achinjwe Jumamosi, Daktari amesema nyama haina neno kwa watu, na wageni wapikiwe. Kyuso wapewe mbuzi, kila mzee atoe wake. Pasta amenishika mkono akasema leo nimesema kweli tupu. Nilitembea nyumbani nimenyoosha mgongo. Kisha nikafika langoni, nikamkuta Mbula amekaa na Susana, na ikabidi nimwambie.

Jumamosi, 15 Julai

Imekwisha. Hakuna mzee aliyethubutu kushika kisu. Musembi ndiye aliyefanya, haraka, kwa heshima, akimsemesha mpaka mwisho. Sitamcheka Musembi mwaka huu wote.

Mbula alikuja kuvua mkanda shingoni. Akaukunja akautia kifuani. Hajaniongelesha tangu hapo. Chakula nimepewa kwa kutupiwa macho.

Jumapili, 16 Julai

Watu wa Kyuso wamekuja na lori, nyimbo, vigelegele, na kamba. Kamba mpya ya katani, wameisuka wenyewe kumwongozea Shukrani. Wakala wakashiba. Mama mmoja mzee, Nthenya, akasifu nyama, ati hajala nyama laini kama hii tangu arusi ya mwanawe. Akafuta mikono, akasimama na ile kamba, akauliza, "Sasa tumwone huyo fahali wetu."

Mtu akadondosha kijiko. Pasta akafungua mdomo, akafunga, akafungua. "Mama, mmeshaonana naye."

Mama wa watu akatazama sahani. Akatazama kamba. Halafu akacheka! Alicheka mpaka akaketi chini, na Kyuso wote wakacheka, na sisi tukacheka kwa kuokoka. Pasta akawaeleza ukweli wote, mwanzo mpaka mwisho. Nthenya akauliza ni nani aliyezuia Shukrani asiletwe kwao. Nikaonyeshwa kwa kidole. Akaja akanishika mikono yote miwili, akanibariki. Ati mtu kama mimi hawajaona. Ile kamba wameniachia mimi, nimfungie ndama wa Susana.

Mbula alikuwa anaosha masufuria. Hakugeuka.

Alhamisi, 20 Julai

Asubuhi. Susana amekosa raha. Anazunguka, analala, anainuka. Mkia juu. Leo ni leo! Duka nimelifunga.

Nimemtuma Musembi kwa baiskeli akamwite Daktari kule Wote. Njia hiyo inapita kwa wauza pombe watatu. Kabla hajaokoka, ningemtarajia kesho kutwa.

Baadaye. Amezaa! Hai! Jike! Mdogo, mwekundu, miguu kama vijiti vya kuegemezea mboga. Alipopiga chafya ya kwanza nilipiga kelele kama mwehu, na Mbula akaniongelesha kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alisema, "Usimtishe mtoto."

Nilifanya nilivyoagizwa. Nilimbeba kabla hajasimama, nikamleta jikoni, nikafunga zizi. Susana analia huko nje, anagonga mbao kwa kichwa. Huku ndani ndama anatetemeka kwa baridi hii ya Julai. Mbula amemweka kando ya mafiga, pale pale. Anampangusa, kwa nini? Kwa ule mkanda. MALI YA BWANA, mbele na nyuma.

Nimemtazama kila upande. Mbona ni mdogo hivi? Shukrani naye alikuwa mdogo hivi. Lakini wadogo ni wengi! Mutindi wetu alizaliwa kama panya, na leo yuko Migwani hapiti mlangoni vizuri.

Mbula ameenda kumkamua Susana. Amerudi na chupa, ile ile ya Shukrani, chuchu ile ile, maziwa ya kwanza mazito ya manjano. Ameiweka karibu na moto ibaki na joto. Ameiweka tu hapo, katikati yangu na yeye.

Nimemkumbusha alichosema Daktari. Akasema amesikia, masikio anayo. Akasema pia yule Daktari alisema asikae njaa. Akasema, "Akinyonya, hakuna atakayejua kwa miezi. Atakuwa ameshakua. Atakuwa anatambua jina lake."

"Na ng'ombe wa majirani?"

"Wote si walishaugua wakapona? Haviwarudii tena. Alisema mwenyewe."

Aiya! Mwanamke huyu anachambua ndengu huku anasikia kila neno. Na ni kweli! Wote walishapona. Wote isipokuwa wa Musembi. Wale wawili na ndama zao, ambao maziwa yao nimekunywa vikombe viwili. Na jike mkubwa wa Musembi, aliyempa jina juzi baada ya kuokoka, amemwita Ndululu. Jike! Ati kwa heshima yangu.

Huyu wetu akiwa salama, ni chai ya maziwa. Akiwa na ugonjwa na Daktari akajua, ni kisu, na Susana atakauka bila kuacha tone, na Mbula hatasema nami tena mpaka kiyama. Akinyonya sasa, ni chai ya maziwa pia. Kesho asubuhi. Nanusa tayari.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimeomba Musembi apite kwenye pombe. Nimeomba kwa magoti, hapa jikoni. Mbula akadhani naomba ndama apone, akasema amina.

Naandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine anao ndama. Nilimpa kidole kumtuliza tu, sasa anakivuta kwa nguvu zote, ulimi mkavu, anatafuta, hapati, ananitazama. Mbula amenyoosha chupa. "Baba Mutindi, mpe wewe. Ameshika kidole chako, si changu."

Nimepokea chupa nikaibana kwapani. Ni ya moto kidogo tu, sawasawa.

Pikipiki! Huko kwenye daraja. Musembi kumbe amepita wote watatu bila kugeuza shingo. Ameokoka kweli mtu huyu, amenimaliza! Imepanda kilima. Imezima langoni. Namsikia Musembi anacheka huko nje, ati Daktari amembeba nyuma pamoja na baiskeli. Mbula amesimama ameegemea mlango wa jikoni kwa mgongo.

"Hodi! Mzee, hajanyonya?"

Naweka kalamu chini. Hii kazi inataka mikono miwili.